Sura ya Fabiola

Chadia alikuwa ndiyo kwanza amemfunulia mume wake, Yassine, sahani ya ugali na maharagwe pale mama mmoja alipofika mbele ya kibanda, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka pumzi ikamrudia. Njia za Kadutu, mtaa wa milimani wa Bukavu, hazina huruma na magoti ya mtu mzima. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani, na kitenge chake cheusi kilikuwa kimefuliwa mara nyingi hata kikageuka rangi ya majivu. Chadia hakumuuliza anataka nini. Alisimama, akamsogezea kiti alichokuwa amekalia, maana kibanda kile kilikuwa na viti viwili tu na cha pili kilikuwa cha fundi.

"Aksanti, maman. Mungu akubariki," yule mama alisema, akakaa. "Mimi ni Georgette. Nilitoka Katana jana, nikalala kwa mutoto wa dada yangu kule Bagira. Tangu asubuhi niko natafuta parasol ya buluu."

Alitazama juu, akaiona ile parasol, mwavuli mkubwa wa kivuli, iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, akatabasamu kidogo.

"Papa, weye njo fundi wa simu?"

"Njo mimi, maman," Yassine alisema huku akikata tonge la ugali.

"Basi nimefika. Mutoto yangu aliachaka simu hapa. Fabiola. Simu ya buluu, ekran ilipasuka, nyuma iko na ua ya njano ya kubandika. Sisi tulizania iliibiwa kwa barabara siku ya accident. Rafiki yake Tatiana njo aliniambia juzi tu kwamba siku ile walipita hapa pamoja."

"Accident gani, maman?" Chadia aliuliza.

"Camion ya mihogo. Iliangukaka karibu na Kavumu. Alikuwa anarudia nyumbani." Mama Georgette alilitaja lile lori polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo na bado anangoja kulielewa. "Atoke hapa kwenu, apande ile camion, basi. Mwezi huu anatimiza mwaka. Siku ya posho," akamaanisha Jumamosi, "tunafanya misa ya kumaliza kilio."

Tonge la Yassine lilikuwa limefika karibu na mdomo. Alilirudisha kwenye sahani.

"Poleni sana, maman," alisema. "Murudi kesho. Simu zenye batu wanaacha ziko mingi. Nitaitafuta."

"Nitarudi, papa. Hata kama imekufa sina neno. Nataka tu munitoshee picha. Hakuna picha yake ingine." Akainuka, akakirudisha kiti kwa Chadia, akaipangusa sehemu aliyokalia kwa ncha ya kitenge chake. "Na ukule, mutoto yangu. Chakula inapoa."

Yassine hakula. Chadia alimjua mume wake: alikuwa na uwezo wa kula huku wateja watatu wakimpigia kelele na mvua ikimwagika shingoni. Sasa aliifunika sahani kwa sahani nyingine, akachukua bisibisi, akaanza kufungua simu ambayo asubuhi ile alikuwa ameshaitengeneza.

"Unaijua ile simu," Chadia alisema.

"Nitaitafuta."

"Yassine. Sikukuuliza kama utaitafuta."

Mume wake aliendelea kufungua skrubu.


Nyumba yao ilikuwa upande wa juu, vyumba viwili vya mbao na kiraka cha saruji mbele, ambapo Mama Bintu, mama yake Yassine, alikaa kila jioni akichambua mchele kwenye ungo. Mama Bintu alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa ameleta kicheko hicho kutoka Uvira alipoolewa, na hakuna kitu ambacho Bukavu ilimfanyia kilichoweza kukimaliza.

Waliswali magharibi, kisha Chadia akawasha mkaa. Simu yake ilikuwa dirishani. Ghafla kioo chake kikawaka chenyewe. Hakuna aliyepiga, hakuna ujumbe ulioingia. Iliwaka, ikatazama chumba kwa muda, ikazimika.

"Jini yako imeamuka," Mama Bintu alisema. "Mupe sambusa moja alale."

Simu hiyo ilikuwa na tabia hiyo tangu ilipotengenezwa mwezi wa Ramadhani. Ilipata joto bila sababu, ikawaka bila kuitwa. Chadia alikuwa ameizoea, maana ndiyo iliyomletea kazi: watu wa harusi, wa matanga na wa ubatizo walimpigia kuagiza sambusa, na wengine walimtumia picha ya meza wakitaka zipangwe namna gani. Lakini jioni ile alipogeuka alimwona Yassine akiitazama simu jinsi mtu anavyotazama mlango uliobishwa hodi.

"Sema," Chadia alimwambia.

Yassine alikaa chini kwenye saruji, karibu na ungo wa mama yake. Alianza mbali, kama wanavyofanya watu wenye jambo zito.

"Mama, ndani ya simu kuko kitu inaitwa IC ya alimentation, ya kugawa umeme. Ndogo, nyeusi, sawa kucha ya mutoto. Betri ni sufuria. Ile IC njo mama mwenye kugawa. Kuko mwenye anataka kidogo sana, ukimuongezea anaungua. Ekran inataka mingi. Kamera, sauti, kila mutu na sahani yake. Na IC muzuri haimwagi. Yenye inamwaga, kile inamwaga kinakuwa moto, njo maana unaona simu inachemuka kwa mukono. IC ikikufa, sufuria inajaa lakini nyumba yote inalala njaa."

"Naelewa," Mama Bintu alisema. "Mwanamuke amekufa. Endelea."

Yassine aliitazama tena simu ya dirishani.

"Simu ya Chadia ilikuwa imekufa vile. Courant ilikuwa inaruka, IC ikaungua. Kununua mupya, mupaka uagize mbali. Njo nikatosha kwa kadavre."

Kadavre, maiti, ndivyo mafundi wa Kadutu wanavyoziita simu zilizokwisha. Huzikata kama ng'ombe: huyu anachukua kioo, yule kamera, yule kitufe. Na simu iliyoachwa miezi mingi bila mwenyewe kurudi, nayo huhesabiwa kuwa kadavre. Ndiyo desturi yao, kila mteja anaambiwa siku ya kwanza, na hakuna anayesikiliza.

"Kadavre gani?" Chadia aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Ya buluu. Ilikuwa dada ya simu yako, aina ile moja. Ilikuwa nzima, Chadia. Ekran tu njo ilipasuka. Alisema atarudi na pesa ya ekran."

Mkaa ulipasuka.

"Nilimuita!" Yassine alisema. Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Wallahi nilimuita. Sikuichukua hivihivi tu. Namba yake aliniachia, niliibandika na utepe ya scotch nyuma ya simu yake. Nilimuita mwezi wa kwanza, wa pili, nikamuita mupaka nikachoka. Kila mara wananiambia hapatikani. Nikasema, huyu amenunua ingine, ameisahau hii."

Chadia alikuwa ameshika kipepeo cha mkaa. Aliacha kupepea.

"Alikuachia namba gani?"

"Ya kwake."

"Ya kwake ya wapi, Yassine? Kadi ya SIM ilikuwa wapi?"

Yassine alifungua mdomo. Mkono wa Mama Bintu ulisimama juu ya mchele. Wote watatu wakaona jambo lilelile kwa wakati mmoja: simu ya buluu imezimwa, imelala kwenye droo chini ya meza, na juu yake, magoti yakigusa droo ile, fundi ameshika simu yake sikioni, anamwita mwenye simu ile, anakasirika kwamba hapokei.

Kicheko cha Mama Bintu kilianza, kwa mazoea tu. Kilifika katikati kikageuka kuwa kitu kingine, akajifunika mdomo kwa mkono wenye vumbi la mchele.

"Subhanallah," alisema. "Ulikuwa unamuita ndani ya sanduku."


Asubuhi walishuka pamoja. Chadia alikuwa amefunga simu yake ndani ya kitambaa, maana hakutaka kuishika kwa mkono mtupu. Alikuwa ameona aibu kwa woga huo, lakini hakuweza kuuondoa. Walipokuwa njiani kitambaa kilipata joto, akakihamishia mkono mwingine.

"Nitamwambia haitengenezeki," Yassine alisema. "Si uwongo. Bila IC haitengenezeki."

"Na mwenye kuitosha IC?"

"Chadia, sikia. IC ile nimeishaichoma na moto mara mbili, kuitosha na kuiweka. Mara ya tatu, inaweza kukufa. Utapoteza simu yako na yeye hatapata kitu. Batu wawili walie, juu ya nini?"

Chadia alishuka hatua kadhaa mbele yake. Alifikiria sambusa za ubatizo wa Jumapili, ambazo mwenye kuagiza bado hajathibitisha. Akafikiria yule mama akipangusa kiti.

Walimkuta ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya kibanda cha Willy, jirani muuza makava ya simu, na Willy alikuwa amemwekea kipande cha karatasi ngumu ili asikae kwenye unyevu. Mapajani alikuwa na kifuko cha matunda ya marakuja.

"Nilileteaka ya nyumbani," Mama Georgette alisema, akimpa Chadia. "Ni tamu, munisamehe ni kidogo."

Kisha alitoa kifuani kadi ya uchaguzi ya Fabiola, iliyozungushiwa plastiki. Ilikuwa imelowa mvua siku ya ajali. Jina lilisomeka. Mahali pa sura palikuwa na wingu la kijivu, na chini yake kola ya shati.

"Siku ya maziko tulipanua hii, tukaiweka kwa kadre ya picha juu ya sanduku. Batoto wakauliza, ni nani? Siku ya posho nisiweke tena wingu." Akaendelea kwa sauti ya chini, akizungumza na Chadia peke yake kama wanawake wanavyozungumza kisimani. "Na mimi mwenyewe sasa, maman, nikifunga macho naona jupe yake, sketi ile. Naona viatu. Naona mukono yake inamenya muhogo. Sura haikuje. Namusikia anaingia jikoni, nageuka haraka nimukamate, nakuta mutu hana sura. Mama gani anasahau mutoto wake?"

Chadia aliyaweka chini marakuja. Akamshika mkono.

Yassine alikohoa. "Maman, ile simu..." alianza, na Chadia akajua kwa namna alivyotazama pembeni kwamba uwongo unakuja. Hakumkatiza. Alifungua kitambaa tu, akaiweka simu yake juu ya meza mbele yake, katikati ya bisibisi na skrubu.

Yassine aliitazama simu muda mrefu. Kisha akasema yote. Alisimama kuyasema, kama mtu mbele ya padri au chifu. Alisema habari ya ekran, ya desturi ya mafundi, ya namba aliyoibandika, ya droo. Wateja wawili waliokuwa wanangoja wakasogea kusikia. Alipofika mahali pa kuipigia simu iliyo ndani ya droo yake mwenyewe, mmoja akacheka kwa nguvu, na Willy akapaza sauti kutoka kibanda chake:

"Batu ya Kadutu, mukuje! Docteur anakula bagonjwa, kisha anawapigia simu awaulize kama waliona utamu!"

Watu wakacheka. Jasho lilimtoka Yassine. Mama Georgette peke yake hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo hii kitu yake," aliuliza, akinyoosha kidole, "iko inatumika ndani ya hii?"

"Ndiyo, maman."

Aliichukua simu ya Chadia kwa mikono miwili, akaigusisha shavuni.

"Iko na joto," alisema.

Kicheko kilikatika. Hata Willy alishusha macho.

"Toa," Chadia alimwambia mume wake. "Toa IC, toa na ekran yangu, murudishie."

"Na weye, maman," Mama Georgette aliuliza upesi, "utabaki na nini? Hapana. Mutoto wangu amekufa, nisije nikaharibu kazi ya mutu mwenye anaishi."

"Sambusa hazipikwe na simu, maman. Nitabaki na mikono."

Ilikuwa rahisi kusema. Moyoni Chadia alijua kwamba wateja wakikosa namba yake mara mbili wataagiza kwa mwingine, na wengi hawatarudi. Lakini alikuwa ameona shavu la yule mama juu ya kioo cha simu yake, na hakuona jinsi atakavyoishika tena simu ile maisha yake yote.


Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mashine ya hewa moto bila umeme ni chuma tu. Yassine alisimama akikuna kichwa, mara wakasikia mkwaruzo nyuma yao: Willy, aliyekuwa akimtukana sasa hivi, alikuwa anaburuta jenereta yake ndogo juu ya mawe, mdomo umefungwa kama mtu aliyekasirika.

"Usiniangalie," alimwambia Yassine. "Si kwa ajili yako."

Kazi ikaanza. Yassine alifungua simu ya Chadia, akachomoa kioo, akaibana kadi ya ndani, ubao wa saketi zake, akaanza kuipuliza hewa moto akizungusha mkono polepole ili joto lisikae mahali pamoja. Harufu ya risasi iliyoyeyuka ikajaa kibanda. Kisha kibano kikashuka, kikainua kitu kidogo cheusi.

"Ni hii tu?" Mama Georgette aliuliza.

"Ni hii tu, maman."

Alifanya ishara ya msalaba. Chadia, bila kujua, alikuwa anasema bismillah.

Kadi ya simu ya buluu ilikuwa kwenye kopo la makadavre, chini kabisa. Pale palipokuwa na IC pamebaki mraba mtupu wenye vidoa vingi vidogo. Yassine alipasafisha, akaupangia ule mraba vipunje vipya vya risasi, akaishusha IC mahali ilipozaliwa. Akaunganisha kioo cha Chadia. Akagusisha waya za kipimo chake, akabonyeza.

Mshale wa kipimo haukusogea.

"Imekataa," alisema.

Hakuna aliyeondoka. Wale wateja wawili walikuwa wamesahau shida zao. Yassine alifuta uso kwa kiwiko, akawasha tena hewa moto, akaiinua IC na kuipanga upya.

"Polepole, docteur," Willy alinong'ona.

Akabonyeza tena. Mshale ulitikisika, ukarudi, ukapanda. Simu ikanguruma mezani kama nzi aliyefungiwa kikombeni. Kioo kikawa cheusi chenye mwanga, kisha cheupe, kisha picha ikatokea.

Ilikuwa picha ya Mama Georgette.

Alikuwa jikoni, kichwa wazi, bila nguo nyeusi, mkono mmoja mweupe kwa unga umeinuliwa kuzuia asipigwe picha. Alikuwa anacheka, mdomo wazi hata pengo la jino lilionekana, na macho yake yalitazama mbele moja kwa moja, yakimtazama kila aliyeinama juu ya meza ile.

"Ni weye, maman," Willy alisema.

"Naona." Mama Georgette alisogea karibu zaidi. "Natafuta mutoto, inanionyesha mimi."

Juu ya picha palikuwa na vidoa tisa vya kufungulia, vinavyotaka kidole cha mwenyewe kichore alama yake. Yassine alimuuliza kama aliwahi kumwona Fabiola akichora. Hapana. Walijaribu herufi ya jina lake. Walijaribu ya jina la mama. Simu ikasema wangoje.

"Tukiilazimisha itafuta kila kitu," Yassine alisema. "Na inachemuka. Haitachukua muda kuzimika."

Chadia aliweka kidole nyuma ya simu, akakiondoa haraka. Ilikuwa inaunguza. Willy hakuuliza ruhusa: alitoa simu yake mwenyewe, akainama, akaipiga picha ile picha, mara moja, na ya pili kwa hakika. Alikuwa bado hajanyooka vizuri kioo kilipozimika.

Yassine alijaribu mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Mshale haukupanda tena. Mezani zilikuwa zimelala simu mbili za aina moja, wazi kifuani, na sasa hata fundi hakuweza kusema ipi ilikuwa ya nani.

"Unisamehe, maman," alisema. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mama Georgette hakulia. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, kwa utaratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Ulimuita, papa," alisema. "Mwaka muzima, nani mwingine alimuita? Mimi mwenyewe nilifuta namba." Kisha akamgeukia Willy. "Ile yenye ulipiga, inaweza kutoka kwa karatasi?"

"Inaweza, maman."

"Unitoshee kubwa. Ya kuenea kadre."

Willy alikwenda studio mwenyewe, akalipa mwenyewe, na aliporudi alimwekea Chadia mezani kitochi cha vitufe, simu ndogo ya kupigia tu. "Ya kuazima," alisema kwa ukali. "Usizani nimekupa."


Siku ya posho Chadia na Yassine walipanda pikipiki moja kwenda Katana, beseni la sambusa katikati yao. Walipopita Kavumu, lilikoangukia lile lori, Yassine alivua kofia. Misa ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wamejaa uani kwa Mama Georgette, na wanaukoo walikuwa wamevua nyeusi, wamevaa kitenge cha aina moja chenye rangi ya machungwa. Yassine alibaki mlangoni, kofia yake mkononi. Chadia aliingia.

Chini ya turubai palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa, maua, na kadre. Ndani ya kadre Mama Georgette alikuwa anacheka.

Watu walikuwa wamesimama mbali na meza ile. Chadia aliwasikia wakinong'ona katika Kiswahili na katika lugha ya Mashi. Mama mmoja mrefu, dada mkubwa wa marehemu baba yake Fabiola, ambaye wote walimwita Tantine, alikuwa haongei kwa kunong'ona hata kidogo.

"Georgette, akili iko wapi? Unaweka picha ya mutu mwenye anaishi kwa kilio? Unajiita kaburini? Toa hii kitu!"

"Sitatoa, Tantine."

"Fabiola iko wapi?"

"Angalia macho yangu ndani ya picha," Mama Georgette alisema. Hakupaza sauti, lakini ua wote uligeuka kumsikiliza. "Niko naangalia nani?"

Tantine aligeuza uso kuelekea kadre.

"Siku ile nilimukaripia aache simu, akuje akoroge foufou ya muhogo. Akasema, mama cheka kwanza. Nikakataa. Akakunja pua. Munaijua ile pua yake, alivyokuwa anaikunja tangu mutoto? Njo nikacheka. Nilikuwa nimesahau. Nilivyoona hii picha kwa fundi sikuelewa, nikaona ni bure. Kisha nikiwa kwa gari nikaona pua. Pua tu. Nikashika pua ile, sikuiachilia. Juzi ukaja mudomo. Jana nikiwa naosha sahani, sura yote ikakuja." Alifuta macho kwa kiganja. "Yeye njo alipiga hii picha. Hamutamuona. Lakini mimi pale niko namuona."

Kuku mmoja alipita chini ya meza. Tantine alisogea mbele, akasimama sawasawa mbele ya kadre, akainama, akatazama kwa muda yale macho yanayocheka. Yalikuwa hayamtazami yeye.

Mama Georgette akaja taratibu, akamgusa kiwiko.

"Sogea kidogo, Tantine," alisema kwa upole. "Alikuwa amesimama hapo."

Tantine alisogea. Alisogea upesi, akiomba radhi kwa sauti ndogo, na haikujulikana anamwomba nani. Kisha watu wakaanza kuja mmoja mmoja kutoa heshima, na Chadia, aliyekuwa anagawa sambusa, aliwaona jinsi walivyopita. Kila mmoja alipofika mbele ya meza alizunguka hatua moja kando, wakubwa kwa watoto, akaacha pale katikati nafasi ya mtu.